Bampa ya Kromu Imetoka Vipele: Uichovye Upya, Ununue Mpya, au Upulizie Rangi?

Masika ya pili tangu nilipolipia kuchovywa kwa bampa ya mbele ya Volkswagen Beetle yangu, yaani kupakwa kromu kwa umeme ndani ya tangi, ilitoka vipele. Vilianza vitatu karibu na boliti ya kushoto, vidogo kama punje za ulezi, kisha ukingo wote wa chini ukajaa. Nilipokikwangua kimoja kwa ukucha, gamba la kromu lilibanduka na chini yake kukawa na unga mwekundu. Gari hili ni la mwaka 1969, la marehemu baba. Upako wa kiwandani ulikaa miongo kadhaa kabla ya kuchoka, na sehemu ya umri huo gari lililala Kigamboni, upepo wa bahari ukilipiga usiku kucha. Upako wa karakana niliyoiamini haukumaliza miaka miwili.

Tangu hapo nimepita karibu kila njia. Nimechovya tena mahali pengine, nimeagiza spea mpya, nimezunguka Gerezani na Ilala kutafuta mtumba, nimepulizia rangi, na sehemu nyingine nimeziacha zilivyo. Kila njia ina kazi yake. Hasara niliyoiona, kwangu na kwa wenzangu wenye Peugeot, Land Rover na Mercedes za zamani, hutokana na kuchagua kwa jicho: mtu anatazama mng'ao wa leo, haulizi chini yake kuna madini gani. Kwa hiyo nitalinganisha nikianzia chini.

Kwanza, hakikisha kweli imekwisha

Kuna kutu inayokaa juu ya kromu, imetokea kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho na kusambaa kama doa. Hiyo haihitaji karakana. Chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia vyakula, ikunje, iloweshe kwa maji safi na usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, lakini kutu inaondoka nayo. Futa, kausha, paka nta. Nimewahi kumwona jirani akilipia kuchovywa vikombe vya magurudumu ambavyo nusu saa ya karatasi hiyo ingevirudisha.

Usitumie ndimu na majivu. Dawa hiyo ni ya masinia ya shaba ya bibi zetu, na kwa shaba inafaa sana. Kwenye kromu, majivu yanakwaruza na asidi ya ndimu inapenya kwenye vitundu hadi kwenye chuma.

Ukiona vipele, magamba, au sehemu iliyobaki na rangi ya manjano hafifu pasipo ule ubluu wa kromu, basi upako umekufa. Hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Kinachong'aa na kinacholinda ni vitu viwili

Mnunuzi wa vito Kariakoo anajua tofauti kati ya dhahabu na dhahabu ya kuchovya. Kromu ya gari nayo ni ya kuchovya, tena ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani: robo hadi nusu ya maikroni, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una maikroni 70 hivi, yaani ungepanga tabaka za kromu mia moja na zaidi ndipo upate unene wake. Kazi ya kromu ni kutoa ile rangi ya ubluu na kuzuia mikwaruzo. Anayezuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, na chini ya nikeli, kwa kazi nzuri, kuna shaba nyekundu inayojaza mikwaruzo na kusuguliwa mpaka iwe kioo.

Bomba la maji la ndani ya nyumba linaridhika na nikeli ya maikroni 10. Sehemu ya gari inayokaa nje, kwenye mvua na chumvi, inahitaji 30 hadi 40, na ikiwezekana iwe nikeli ya tabaka mbili: ya chini isiyo na salfa, ya juu yenye salfa kidogo ndiyo inayong'aa. Sababu yake inapendeza kuijua. Unyevu ukipenya kwenye kromu, huanza kula nikeli ya juu na kusambaa kando kando badala ya kuchimba kwenda chini, na hivyo chuma kinabaki salama kwa miaka mingi zaidi.

Nikeli na kromu hulinda chuma kama bati linavyolinda nyumba. Likitoboka, mvua iko ndani, na chuma hapo kitaoza haraka kuliko ambavyo kingeoza kikiwa wazi. Zinki inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa: chuma kikikwaruzwa, zinki iliyo jirani ndiyo inayoliwa kwanza. Ukishika tofauti hiyo moja, nusu ya uchaguzi wako umekwisha.

Kuchovya upya au kununua mpya?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu langu kwa bampa ya chuma iliyo nzima ni kuchovya ile ya asili, kwa sharti kwamba umempata fundi anayejibu maswali.

Bampa ya zamani ina chuma kinene. Matundu yake ya boliti yanaingia palepale, mkunjo wake unafuata bodi, na ukiigonga kwa kidole inalia sauti nzito. Tatizo ni kazi inayotakiwa. Kromu na nikeli ya zamani zinabanduliwa kwa asidi au kwa umeme. Mabonde yananyooshwa kwa nyundo. Vishimo vya kutu vinasuguliwa kwa msasa, wa kukwaruza kisha wa laini, kisha gurudumu la kitambaa. Ndipo inaingia shaba, inasuguliwa tena, halafu nikeli, na kromu mwishoni kabisa kwa dakika chache tu. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Sehemu kubwa ya fedha unayolipa ni mikono ya yule anayesugua, na karakana inayotoza nafuu kupita kiasi huwa imepunguza hapo au kwenye muda wa nikeli.

Muda wa nikeli unaweza kuuhesabu mwenyewe. Kwa mkondo wa ampea 4 kwa kila desimita ya mraba, ambao ni wa kawaida, nikeli hujijenga takriban maikroni 0.8 kwa dakika. Bampa iliyokaa tangini dakika kumi ina maikroni nane, yaani chini ya mahitaji ya bomba la bafuni. Ili ufike 30 unahitaji kama dakika arobaini. Mimi mara ya kwanza niliuliza bei na siku ya kuchukua, basi. Nilikuja kugundua kwamba hawakuweka shaba kabisa, na nikeli ilikuwa ya kupita tu.

Sasa nauliza hivi: Unabandua upako wa zamani wote au unachovya juu yake? Unaweka shaba? Nikeli inakaa dakika ngapi, na ni tabaka moja au mbili? Naweza kuona kitu ulichochovya miaka miwili iliyopita kilicho kwenye gari linalotembea? Swali la mwisho ndilo la maana. Kipande kilichotundikwa ukutani ofisini hakijawahi kuiona Barabara ya Kilwa wakati wa mvua.

Kuna mambo matatu zaidi ambayo hayaonekani kwenye risiti. La kwanza ni mgongo wa bampa. Umeme ndani ya tangi hukimbilia kingo na sehemu zilizo karibu na mabapa ya nikeli, ilhali mashimo na upande wa nyuma hupata kidogo sana, na kromu ndiyo mvivu kuliko zote katika kuingia pembeni. Kutu ya bampa nyingi hapa Dar huanzia nyuma. Ukishapokea bampa yako, kabla hujaifunga, paka mgongo wake rangi ya kwanza yenye zinki kisha rangi nyeusi. Ni kazi ya jioni moja na huongeza miaka.

La pili ni rangi ya kromu yenyewe. Kromu ya kizamani, ya aina ya sita, ina ubluu wa barafu. Ipo aina ya tatu, salama zaidi kwa mafundi, ambayo kwa kawaida huwa na weusi kidogo. Ukichovya bampa ya mbele kwa aina moja na ya nyuma kwa nyingine, utaiona tofauti kila unapolizunguka gari. Peleka zote pamoja, mahali pamoja.

La tatu ni afya ya watu. Maji ya kromu ya aina ya sita yanasababisha saratani. Ulaya tangu Septemba 2017 hakuna kiwanda kinachoruhusiwa kuyatumia bila kibali maalumu. Ukifika karakana ukakuta vijana wanainamia tangi bila glavu wala feni ya kuvuta mvuke, na maji ya rangi ya njano yanaelekea mtaroni, toka na bampa yako. Mitaro mingi ya jiji letu inaishia Mto Msimbazi, na bondeni kuna watu wanalima mchicha.

Sasa bampa mpya. Beetle iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2003, kiwanda cha mwisho kikiwa Puebla, Mexico, kwa hiyo spea zake mpya zipo kwa wingi kuliko za magari mengi ya umri huo. Faida yake ni kwamba unapata kitu kilichonyooka, hukisubiri fundi. Lakini mpya nyingi za bei nafuu ni za bati jembamba, na unene wa nikeli hakuna anayekutajia. Nilifunga moja ya nyuma. Kwa macho ilikuwa safi. Nilipoiegemea kufungua boneti ya injini, ambayo kwa Beetle iko nyuma, ilinesa.

Ukiamua kuagiza, hakikisha mwaka. Agosti 1967 Volkswagen walibadilisha bampa za Beetle: zile za mviringo zenye pembe na bomba la juu ziliondoka, zikaja pana zilizonyooka, na vishikio vyake vikabadilika. Gari la 1966 na la 1969 yanafanana kwa mbali, ila bampa haziingiliani. Na usitazame bei ya dukani peke yake. Bampa ni nyepesi lakini ndefu, na wasafirishaji wa ndege wanatoza kwa nafasi inayochukua. Ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa, akuandikie hesabu. Kwangu mimi, bampa moja nafuu ya kuagiza ilipofika mlangoni ilikuwa imeipita gharama ya kuchovya vizuri ile ya asili.

Basi mpya ninunue lini? Pale ya asili ilipotoboka, ilipopasuka, au ilipogongwa mpaka mkunjo wake ukapotea. Na pale ilipokwisha kusuguliwa mara kadhaa ikawa nyembamba, kwa sababu kila kuchovya kunapunguza chuma kidogo.

Mtumba wa asili: njia ninayoipenda kuliko zote

Kabla ya tangi na kabla ya meli, uliza mtumba. Gari lililoishi Dodoma, Singida au Iringa halikuvuta chumvi kama la kwetu, na bampa yake inaweza kuwa na upako wa kiwandani ulio hai bado. Bampa ya nyuma iliyoko kwenye Beetle yangu leo ilitoka Dodoma, kwenye gari lililooza sakafu baada ya kuegeshwa chini ya mwembe. Niliisugua kwa karatasi ya alumini, nikaipaka nta, basi.

Wenye Peugeot wana bahati hapa. Magari haya yalienea bara na pwani; 404 ndiyo aliyoshindia Bert Shankland, dereva wa hapa Dar es Salaam, mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na tena 1967, na wazee wetu wengi waliyanunua wakiwa na fahari hiyo moyoni. Mabaki yake bado yapo nyuma ya nyumba nyingi. Tena bampa nyingi za 504 nilizozishika hazina kromu kabisa, ni za chuma kisichopata kutu, zinahitaji kunyooshwa na kusuguliwa tu. Kuna mwenzetu alizipeleka zikachovywe, akalipa kuharibu kitu kilichokuwa kizuri.

Namna ya kujua ni rahisi. Sumaku haitoshi, maana aina fulani za chuma kisichopata kutu, hasa zile za mapambo ya magari, zinavutwa na sumaku vilevile. Tumia mrututu, ule ule wa wakulima. Yeyusha kidogo kwenye maji, kwangua mgongo wa bampa kwa msasa mpaka uone chuma kitupu, dondoshea tone. Chuma cha kawaida kitageuka rangi ya shaba papo hapo. Kisichopata kutu kitabaki kilivyo.

Kutengenezesha kwa chuma kisichopata kutu

Dar ina mafundi hodari wa kazi hii, wanaotengeneza mageti, reli za ngazi na ngao za mbele za malori. Kwa bampa iliyonyooka wanaweza kukupa kitu cha kudumu. Kwa bampa iliyopinda pande mbili kwa pamoja, kama ya Beetle, hawawezi bila mashine ya kukandamiza, na watakachokupa ni vipande vilivyochomelewa vinavyoonekana vipande.

Ukiwapa kazi, taja namba ya chuma. Namba 201 ni nafuu na ndiyo imejaa sokoni. Karibu na bahari inatoka madoa ya rangi ya chai ndani ya muda mfupi. 304 ni bora, na 316 ndiyo inayovumilia chumvi zaidi. Hakikisha pia jiwe la grenda ni jipya. Jiwe lililokwishakata nondo hupandikiza chembe za chuma cha kawaida, na baada ya wiki chache bampa "isiyopata kutu" inapata kutu.

Rangi

Kopo la rangi ya kromu silishauri kwa sehemu yoyote ya nje. Linang'aa siku ya kwanza, linapauka jua likilichoma, na ukilipaka nta linageuka kijivu.

Rangi ya kweli, nyeusi au ya bodi, ni jambo jingine, nami naiheshimu. Kwa gari linalotumika kila siku, linaloegeshwa nje Kawe au Mbagala, bampa iliyosuguliwa hadi chuma kitupu, ikapigwa epoksi ya kwanza na rangi mbili, itakaa vizuri kuliko kromu ya nikeli nyembamba, na ikikwaruzwa utaitengeneza mwenyewe. Sharti moja: rangi haishiki juu ya kromu laini. Lazima kromu ibanduliwe au ikwaruzwe sana. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, ni ngumu zaidi, ila usiipeleke sehemu yenye puti. Puti ya kawaida haivumilii joto hilo.

Rangi haikuzuii kurudi kwenye kromu siku ukipata uwezo. Bampa iliyochovywa vibaya ikaoza ndani inakufungia mlango huo.

Vitasa, fremu za taa na nembo

Hapa ndipo nilipopata somo langu kubwa. Nilikwenda Gerezani na vitasa viwili vya mlango vyenye vishimo, nikamkuta mzee mmoja ambaye amechovya vitu tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee. Naomba unichovyee hivi."

"Marahaba, mwanangu." Akakigeuza kimoja, akakikwangua kwa msumari nyuma, akanionyesha ule ukijivu. "Hiki si chuma, ni zinki ya kumimina. Nikikitia kwenye asidi kitaliwa mbele ya macho yako. Nikikisugua, vishimo vitazidi kwenda chini. Nitakula hela yako bure."

Alisema kweli, na namshukuru mpaka leo. Vitasa, fremu za taa, nembo na vishikio vya vioo vya magari mengi ya miaka ile ni aloi ya zinki, inayoyeyuka karibu nyuzi 385. Huwezi kuichomelea kama chuma. Asidi ya kubandulia kromu inaila. Ikianza kuoza huoza kutoka ndani, na vile vishimo vinavyofanana na makovu ya ndui ni midomo ya mashimo makubwa zaidi. Wapo mafundi wa nje wanaochimba kila kishimo, wakaweka shaba, wakajaza kwa solda laini, wakasugua, wakarudia. Kazi hiyo inalipa kwa kitasa cha gari adimu ambacho hakipatikani kokote duniani.

Kwa hiyo mpango wa bampa unapinduliwa: kitasa cha zinki chenye vishimo, nunua kipya. Kilichopauka tu bila vishimo, kisafishe na ukiache. Kidogo ulichonacho cha asili kina thamani kuliko kikubwa utakachopoteza tangini. Na kwa vitu vidogo vyovyote unavyopeleka kuchovywa, vipige picha na kuvihesabu mbele ya fundi. Skrubu na nembo hudondoka kwenye tangi, na hakuna anayepiga mbizi kuzitafuta.

Boliti na nati

Kromu kwenye boliti ni pambo lisilolinda. Weka zinki. Zinki ya kuchovya kwa umeme, maikroni nane hivi, ikimaliziwa na ule upako wa njano, ndiyo iliyokuwa kwenye boliti nyingi za gari lako lilipotoka kiwandani. Baadhi zilikuwa na kadimiamu, na hiyo ni sumu: boliti ya zamani usiyoijua usiipige grenda wala usiichome moto.

Boliti chache za bodi unaweza kuzifanyia kazi nyumbani. Kutu naiondoa kwa magadi, yale ya kulainishia maharage: ndoo ya maji, vijiko kadhaa vya magadi, chaja ya betri. Waya hasi kwenye boliti, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu. Fanya nje, mbali na moto, kwa sababu inatoa gesi inayolipuka. Na kipande cha waya chanya kisiwe kamwe chuma kisichopata kutu. Hicho kitatoa ile kromu ya sumu ndani ya ndoo yako.

Boliti za usukani, breki, springi na mikanda ya viti usizichovye popote. Asidi na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kuanzia daraja la nguvu la 10.9 hasa, na kinaweza kukatika ghafla bila kuonyesha dalili. Kiwandani huokwa saa kadhaa kwenye nyuzi 200 hivi mara baada ya kuchovywa. Karakana ya mtaani haina tanuri hilo. Nunua mpya zenye daraja lake limeandikwa kichwani. Na usizibadilishe kwa zile zisizopata kutu kwa sababu zinapendeza, maana za kawaida za aina hiyo, A2-70, zina nguvu pungufu kuliko boliti za daraja la 8.8.

Kioo cha ndani ya taa

Kwa kifupi, kwa kuwa kosa hili ni la hatari usiku: kile kikombe cha kuakisi ndani ya taa ya mbele kisipelekwe kwenye kromu. Kromu inang'aa machoni lakini inarudisha takriban theluthi mbili tu ya mwanga. Alumini inarudisha karibu asilimia 90, na fedha zaidi. Gari lenye vikombe vya kromu litaonekana zuri Masaki na halitaona shimo Pugu. Nunua taa nzima mpya.

Land Rover ni habari nyingine

Ukiwa na Land Rover ya Series, bampa yake na vile vibati vya pembeni vya bodi havikuwa na kromu. Vilichovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, joto la nyuzi 450, upako mnene wa kijivu wenye maua maua. Ukivitia kromu umeondoa kinga bora ukaweka dhaifu, na gari limepoteza sura yake. Virudishie zinki ya moto, au uviache na kijivu chake. Bodi yake ni aloi ya alumini, na boliti zisizopata kutu zikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi huila alumini pembeni yake. Boliti za zinki zinapatana nayo vizuri zaidi.

Nilivyogawa fedha zangu

Bampa ya mbele ya Beetle ilichovywa upya karakana nyingine, shaba kwanza, nikeli dakika arobaini nikiwa nimesimama pale na saa mkononi. Mgongo wake niliupaka mwenyewe. Ya nyuma ni ile ya Dodoma. Vitasa ni vipya, boliti za bodi zina zinki, vikombe vya magurudumu vina makovu yao na nimeviacha. Naosha kwa maji ya bomba tu, maana kisima chetu kina chumvi, na nakausha hadi ndani ya mikunjo.

Kama mwaka huu una fedha ya kitu kimoja, anza na kufungua bampa zote mbili uangalie migongo yake na vishikio. Hapo utajua kama unahitaji tangi au kopo la rangi ya zinki. Ikiwa ni tangi, peleka Desemba au Januari. Kazi nzuri inachukua wiki kadhaa, na masika yanaanza Machi.